Namna ya Kuvuka Mwanjelwa Ukiwa na Mtihani Saa Mbili

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepangiwa chuo Mbeya kwa mara ya kwanza. Umeshuka stendi usiku, baridi imekupokea, na kwa kuwa vyumba vya Iyunga, jirani na chuo, vimejaa, umepata chumba Uyole kwa mama mmoja mkarimu. Umemuuliza chuo kiko umbali gani. Akakujibu, "Ni hapo tu mwanangu, unapanda daladala moja." Mama hajakudanganya. Daladala ni moja. Ila utaipanda pamoja na watu wa Sae, Ilomba, Soweto, Mwanjelwa na Mafiati, na pembeni yenu kutakuwa na shehena ya Zambia na mafuta ya Kongo, wote barabara moja, asubuhi moja, huku nusu ya barabara hiyo ikichimbwa.

Mimi nafundisha upande mmoja wa mji na kulala upande wa pili. Kwa miaka yote niliyofanya hivyo, haya ninayokuambia nimeyalipia kwa nauli.

Anza kwa kuijua barabara kabla hujaipanda. Mgeni akiitazama huona barabara ya mtaa tu: mama anachoma mahindi, watoto wa shule wanavuka wameshikana mikono, bodaboda wamejipanga kijiweni, muuza mitumba ametundika makoti kwa sababu Juni ya huku haina masihara. Usidanganyike. Hiyo ni TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia ya kusini, ikalazimika kuitafuta bahari upande wetu. Malori ya mafuta yakaanza kupita hapa kwenye tope na vumbi, lami ikaja baadaye, na reli ya TAZARA ikakamilika katikati ya miaka ya 1970. Reli ikadhoofika. Malori hayakudhoofika. Leo lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na kutoka hapo Lusaka au Lubumbashi, halina pengine pa kupita isipokuwa mbele ya genge la nyanya unaponunua mboga ya jioni.

Mji nao haukukaa kusubiri. Ulianza 1927, siku za dhahabu ya Lupa, ukawa jiji mwaka 2005. Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Mbeya na watu 385,279. Sensa ya 2022 ikalikuta na watu 541,603. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya laki moja na nusu, na wamo vijana wengi waliokuja kama ulivyokuja wewe. Chuo cha ufundi kilichofunguliwa 1986 kikawa chuo kikuu mwaka 2012, ndicho MUST. Kuna TEKU pale Block T, kuna kampasi ya Mzumbe, kuna ya uhasibu, kuna vyuo vya afya na ualimu ambavyo kila mwaka vinaongeza bweni au jengo la madarasa. Katika miaka yote hiyo barabara ilibaki na njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Sasa inapanuliwa. Kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, njia nne, kwa mkataba wa shilingi bilioni 138.7. Mimi nafurahi, na ninasema hivyo bila kuuma maneno. Mji huu ulistahili barabara hiyo miaka ishirini iliyopita. Lakini barabara haipanuliwi ikiwa imefungwa kabatini, inapanuliwa watu wakiwa juu yake, na hapo ndipo unapohitaji mwongozo. Ukishayaelewa haya, hutamgombeza konda. Konda hakuchimba mtaro.

Tuje kwenye saa. Ukiwa na kipindi saa mbili, usiulize safari ni ya dakika ngapi. Uliza jana jioni kijiko kililazwa wapi. Kijiko ni ule mtambo wa kuchimbia wenye mkono mrefu, na mahali kilipolala jioni ndipo kazi itakapoanzia asubuhi. Kijiko kikilala Sae, foleni itaamkia Nane Nane. Kikilala Soweto, ujue Mwanjelwa, penye soko, haitapitika mpaka jua limepanda. Makonda wanajua, wauza chai wa alfajiri wanajua, mlinzi wa mitambo anajua zaidi ya wote. Mimi hupita kwa muuza chai, ninakunywa kikombe kimoja, ninapata taarifa, kisha ninaamua kupanda gari au kutafuta njia za ndani.

Uwe kituoni saa kumi na moja na nusu. Najua ni alfajiri, najua ni baridi. Ukichelewa mpaka saa kumi na mbili na nusu utakutana na wanafunzi wa sekondari, wafanyakazi wa ofisini, akina mama wanaoshusha viazi na ndizi sokoni, na malori yaliyolala Uyole yakianza kuunguruma. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ongeza saa nzima. Kipande ambacho hakijapata lami kinageuka uji, na gari moja likikwama hapo, mji mzima umekwama.

Halafu viatu. Hapa naomba unisikilize.

Asubuhi moja ya mitihani nilikuwa siti ya nyuma na wanafunzi wawili, kijana na binti, wote wa darasa moja. Kijana alikuwa na begi ambalo rula ya T imechomoza juu yake kama antena. Binti alikuwa amependeza, sketi imenyooshwa, viatu vya mchuchumio, kwa sababu baada ya mtihani alikuwa na usaili wa kazi ya mafunzo. Tulipofika Soweto dereva akazima injini. Dereva akizima injini maana yake amekata tamaa, hataki kuchoma mafuta ya tajiri bure. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika arobaini. Kijana akanigeukia. "Shikamoo mwalimu. Nikishuka nitafika?" Nikamwambia ashuke, atembee hadi foleni inapokatika, huko atakuta magari yanayogeuza, apande lolote. Akaruka dirishani kwa kuwa mlangoni palikuwa pamejaa. Rula yake ikagonga bodi la gari, akapotea kati ya malori.

Binti akatazama viatu vyake. Akatazama nje: kifusi, kokoto, mtaro uliojaa maji, ubao mmoja umelazwa juu ya mtaro kama daraja. Akakaa. Baada ya robo saa akaanza kulia bila sauti, huku akiipangusa sketi yake vumbi ambalo halikuwepo. Mama mmoja mwenye kikapu akamshika mkono akamwambia, "Pole mwanangu, Mungu yupo." Mungu yupo, lakini mtihani ulianza saa mbili kamili.

Kwa hiyo vaa raba. Viatu vya heshima viweke kwenye mfuko, utavivaa mlangoni. Kutoka Soweto hadi Mafiati kwa miguu haizidi nusu saa kwa mtu mzima wa afya, na kuna asubuhi ambazo daladala itachukua saa moja na zaidi kwa mwendo huo huo. Miguu ndiyo chombo pekee katika mji huu ambacho hakijawahi kusimamishwa na mshika bendera. Chukua pia mtandio au kitambaa cha kufunika pua, kwa sababu kiangazi vumbi la hapa ni jepesi kama unga na linaingia mpaka kwenye daftari. Gari la maji likiwa limepita, vuka barabara haraka. Muda wa kupumua vizuri baada ya kumwagia maji haufiki nusu saa.

Usafiri mwingine nitausema kwa kifupi. Bajaji inafaa ukiwa na wenzako wawili na dereva anayejua njia za ndani. Bodaboda inafaa ukivaa helmeti na ukimwambia dereva mapema, kwa adabu, kwamba unataka kufika ukiwa mzima. Ukiona anapenya kati ya matairi ya lori na ukingo wa mtaro, mguse bega, mwambie, "Kaka, nishushe hapa." Mlipe nauli yote. Usione aibu.

Sasa mchepuko. Kuna wakati matangazo ya kupambana na Ukimwi yalituhimiza nchi nzima tubaki njia kuu, tuachane na michepuko. Hapa njia kuu imefungwa kwa mapipa na utepe, na mchepuko umewekewa kibao chenye mshale, kwa hiyo huna budi. Lakini mchepuko wa barabarani una masharti yake. Ni mwembamba, ni wa moramu, na umetengenezwa kupitisha gari moja baada ya jingine. Ukipita kwa zamu, unapitika. Kila mara nimeuona ukipitika.

Kinachouziba ni kutanua. Dereva yuko nyuma ya magari thelathini, anaona upande wa kulia pako wazi, anajiambia yeye ana haraka kuliko wote. Anatoka kwenye mstari, anapita wote, anafika mbele kwenye kalavati jipya ambapo barabara ni ya gari moja. Nyuma yake wamemfuata wengine sita, maana kutanua kunaambukiza. Na upande wa pili wa kalavati kuna aliyetanua pia. Wawili hao wanatazamana taa kwa taa. Hakuna wa kurudi nyuma, kwa sababu nyuma ya kila mmoja kuna sita. Nimekaa nikitazama hali hiyo Ilomba kwa dakika hamsini. Watu mia kadhaa walisimama wakimngoja mtu mmoja aliyetaka kuokoa dakika tano. Katika magari yale nina hakika kulikuwa na mgonjwa, na kulikuwa na mtoto anayekwenda kufanya mtihani, na kulikuwa na mama ambaye samaki wake walikuwa wanaharibika.

Nalisema wazi: kutanua ni wizi. Unaiba muda wa watu ambao huwajui. Nawe abiria una sehemu yako. Dereva anapoanza kukata usukani kulia, mara nyingi ni kwa sababu sauti zimetoka nyuma, "Suka, tanua bwana, unazubaa!" Usiwe miongoni mwa sauti hizo. Sema kwa sauti ile ile, "Suka, kaa kwenye mstari." Mara ya kwanza watakucheka. Nimefanya hivyo mara nyingi, na nimegundua kwamba mmoja akisema, wa pili husema, na dereva, ambaye moyoni alikuwa anaogopa trafiki, hushukuru.

Utamkuta pia mshika bendera. Siku hizi mara nyingi ni binti wa miaka ishirini hivi, amevaa koti la kung'aa, mtandio umemfunika uso yamebaki macho. Mkononi ana kibao, upande mmoja chekundu, upande wa pili kijani. Anasimama kwenye vumbi tangu alfajiri, na kazi yake ni kutukanwa na madereva wa lugha nne. Lori la tani thelathini linamtii yeye na kibao chake cha bati. Msalimie. Mpe maji kama unayo. Siku moja nilimuuliza mmoja anachoshwa na nini zaidi, jua au kusimama. Akanijibu, "Honi, mwalimu. Nikilala nazisikia." Basi usipige honi, wala usimshangilie dereva anayepiga. Kibao hakigeuzwi na honi. Kinageuzwa na mwenzake wa upande wa pili anapomaliza kuruhusu.

Kuhusu malori, hapa sina maneno ya kuchezea. Mbeya ni mji wa milima, na barabara hii inashuka kwa miteremko mirefu ya pale Mlima Nyoka na kule Iwambi. Lori lililobeba mzigo kutoka mbali, breki zimechemka, likikuta foleni mwisho wa mteremko halina pa kwenda. Juni 2025 lori lilifeli breki upande wa Iwambi, likagonga magari mengine, watu 28 wakafa. Walikuwa ni abiria wa kawaida, watu wa daladala kama wewe na mimi. Kwa hiyo kama gari lako limesimama kwenye foleni chini ya mteremko, shuka ukae kando, juu ya ukingo, mpaka foleni itembee. Konda akisema unachelewesha, mwache aseme. Kama huna haraka ya maisha na kifo, chagua gari linalokushusha kabla ya mteremko. Usivuke barabara ukipita mbele ya lori lililosimama: dereva yuko juu, hakuoni. Mtazame usoni kwanza, akikupungia ndipo uvuke.

Utaona pia nyumba na maduka yenye alama ya X. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara. Kijani ni ya yule ambaye sheria ya 2007, iliyoongeza hifadhi hadi mita 30 kila upande, imemkuta akiwa tayari amejenga, huyo anastahili fidia. Ukinunua chapati kwa mama ambaye meza yake imesukumwa nyuma mara tatu, usimwombe punguzo. Anahama na barabara, na kila akihama wateja wake humtafuta upya.

Nimezungumza na wewe mwanafunzi vya kutosha. Sasa nazungumza na wakubwa zako, na nitasema nikiwa mmoja wao.

Vyuo vyetu vinaanza saa mbili. Ofisi zinaanza saa moja na nusu, shule kabla ya hapo kidogo, soko linapokea mizigo saa hizo hizo. Tumewaita watu wote kwenye mlango mmoja wakati mmoja, kisha tunashangaa wamebanana. Barabara hiyo hiyo saa nne asubuhi hupitika. Saa nane mchana hupitika. Chuo kimoja kikianza saa tatu, kingine saa tatu na nusu, na mitihani mikubwa ikapangwa saa nne wakati wote wa ujenzi, tutakuwa tumewapunguzia mateso maelfu ya vijana bila kumwaga lami hata ndoo moja. Haihitaji mkopo wala mkandarasi. Inahitaji kikao kimoja cha waratibu wa ratiba wa vyuo vya mji huu, meza moja, chupa ya chai. Na pale mwanafunzi anapofika amechelewa kwa dakika ishirini, ana vumbi mpaka kope, msimamizi wa mtihani amwangalie vizuri kabla ya kumfungia mlango. Kijana huyo ameamka saa kumi.

Ombi la pili ni kwa wanaosimamia ujenzi. Wekeni njia ya waenda kwa miguu tangu siku ya kwanza ya kuchimba, msingoje barabara ikamilike. Ubao mmoja juu ya mtaro si daraja. Mwenye mtoto mgongoni hawezi kuupita, mzee hawezi, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi hata kufikiria. Wengi wa watumiaji wa barabara hii hawana gari, nao ndio wanaozungushwa zaidi.

Na la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Njia nne zitasaidia, lakini lori la Lubumbashi na mwanafunzi wa Iyunga bado watakuwa barabara moja, na lori litakimbia zaidi kwa sababu limepewa nafasi. Barabara ya mchepuo kutoka Uyole hadi Songwe, karibu kilomita 49, imekuwa ikitajwa kwenye hotuba za bajeti ya Wizara ya Ujenzi. Ndiyo itakayoyatoa malori katikati ya soko. Kila mbunge anayeomba kura hapa aulizwe imefikia wapi, na asiachiwe kipaza sauti mpaka ajibu.

Hadi malori yapewe njia yake, tukutane kituoni saa kumi na moja na nusu. Umevaa raba.